Ofisi ya Kupokea Tu

Jumatatu asubuhi Justa alifungua ofisi, akafagia baraza, akawasha kompyuta, na kabla chai yake haijapoa akaona kwamba barua ya Bi Esha ilikuwa bado haijatoka. Ilikuwa palepale alipoiacha Ijumaa, kwenye kikasha cha kutokea, juu ya barua za wenzake. Chini kwenye kioo cha kompyuta, programu ya barua ilikuwa imeandika maneno yake ya kila siku: imeshindikana kutuma, itajaribu tena.

Bi Esha mwenyewe alikuwa uani, anamenya muhogo. Naye alikuwa hajatoka.

Ofisi hiyo iko Kilwa Kivinje, kwenye nyumba moja ya Mjerumani iliyopigwa chokaa mpya upande wa mbele tu. Kampuni ya mabwawa ya chumvi iliikodi wakati ilipoanza kuzungushia seng'enge ufuko wa kwenye mikoko. Ikapachika kibao: Ofisi ya Maoni na Malalamiko ya Wananchi, Karibuni Sana. Ndani ikaweka meza, kompyuta, feni, na Justa, binti wa Kipatimu, Mkatoliki, mpole lakini si mjinga. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza mwenye lalamiko, kuliandika, na kulituma makao makuu Dar es Salaam kwa barua pepe. Lalamiko la karatasi halikupokelewa, la simu vilevile. Kampuni ilisema inataka mambo ya kisasa. Haya.

Kuingia, barua ziliingia vizuri tu. Ziliingia salamu za Idi, zikaingia za Krismasi, ukaingia na waraka wa kuvaa kofia ngumu, tena mara mbili. Kutoka ndiko hakukuwepo. Na mtu ambaye barua yake haijatoka, naye hatoki. Anaaga vizuri, anavaa ndara zake, anashuka ngazi za baraza, na ngazi ya mwisho inamweka tena mlangoni, uso wake ukitazama ndani. Haumii, wala hasikii kizunguzungu. Wasiokuwa na barua waliingia na kutoka watakavyo: Justa mwenyewe, muuza maandazi, na watoto waliowaletea wazee wao nguo safi.

Kivinje tumeona mengi na hatushangai ovyo. Siku za mwanzo watu walikasirika, maana kukasirika ni haki ya mtu. Waliitukana feni, wakamtukana Mjerumani aliyejenga, kisha wakaagiza sufuria nyumbani. Laurenti, mkulima wa korosho aliyeingia kabla ya wengi, alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa hapakuwa na mwenyeji wa kumpa aliagiza la kwake. Akalima matuta ya mchicha kando ya kisima. Mchicha ule ulikuwa umeshavunwa na kupandwa tena.

Utauliza kwa nini watu waliendelea kuingia na habari wanazo. Waliingia kwa sababu kila mmoja aliamini barua za wengine zimekwama kwa ajili ya maneno mengi, na kwamba yake, iliyo fupi na ya haki, itapita.

Kila programu ilipojaribu kutuma tena, kompyuta ilitoa mlio mdogo, na wote uani waliusikia. Walinyanyuka, wakajifunga kanga na shuka zao vizuri, wakapanga mstari ngazini, wakashuka, wakarudishwa, wakaketi. Wengine walikuwa wamechoka, hawanyanyuki tena. Bi Esha alinyanyuka kila mara, na kisu cha muhogo mkononi.

Alikuwa na sababu. Bi Esha ndiye somo wa Shamimu, kungwi wake, na Shamimu alikuwa amewekwa ndani kwa ajili ya harusi yake ya Ijumaa inayokuja. Kwa watu wa mtaa wao, somo aliyemweka mwali ndani ndiye anayemshika mkono kumtoa. Akimtoa mwingine, wanasema huyo hajatoka, amehama chumba tu, na ndoa ya namna hiyo haina siku nyingi. Bi Esha alimsinga Shamimu kwa manukato, akamfunika kanga, akamkalisha kitandani, na asubuhi yake akasema napita ofisini mara moja, naandikisha neno langu, narudi. Sasa mwali yuko ndani kwa sababu somo yuko ndani, na somo yuko ndani kwa sababu barua iko ndani.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Seng'enge ya kampuni ilikuwa imekata njia ya makaburini. Ng'ambo yake alikuwa amelala mumewe, Athumani Matimbwa, na tangu uzio upite Bi Esha hakupata kumsomea dua wala kumng'olea magugu. Hakudai fidia. Aliomba kijilango, hata cha kupita kwa kuinama.

Justa alikuwa ameshajaribu anayoyaweza. Alituma barua zile kwa simu yake mwenyewe, na makao makuu yakajibu kwamba malalamiko ya Kivinje yanapokelewa kutoka kwenye anwani ya ofisi ya Kivinje tu. Jibu hilo liliingia bila tatizo. Ndipo alipomwita fundi kutoka Masoko.

Fundi aliitwa Dominick. Alifika na begi mgongoni, akawaamkia wazee wa uani mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka akafika kwenye meza.

"Inapokea?" aliuliza.

"Inapokea."

"Kutuma?"

"Imegoma."

"Basi mtandao upo. Ugonjwa uko kwenye kutoa."

Alianza na mepesi. Akatazama kama kuna mtu ameiambia programu ifanye kazi bila mtandao, hakuna. Akaizima kinga ya virusi, akaiwasha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, akaingia chini ya meza, akachomoa waya na kuupuliza, akatoka na utando wa buibui kichwani. Kisha akasema labda viambatisho ni vizito, maana Laurenti alikuwa ameambatisha picha za mikorosho yake iliyong'olewa, mkorosho mmoja mmoja. Maneno hayo yalifika uani. Watu wakaweka vikapu chini, wakavua saa, mzee mmoja akatoa na meno yake ya bandia, wakajaribu ngazi mikono mitupu. Ngazi ikawarudisha.

"Mitandao mingi imeziba mlango namba ishirini na tano kwa ajili ya matapeli," Dominick alimwambia Justa. "Tupite mia tano themanini na saba." Akabadilisha namba. Uani wakajaribu mlango wa jikoni, ule wa kutokea uchochoroni. Huo nao uliwarudisha, ila una kizingiti kirefu, na Bi Esha akajikwaa kidole gumba.

"Kaka, polepole na milango yako," alisema akikishika kidole. "Sisi tuko nyuma yako huku."

Dominick aliomba radhi. Akasema kilichobaki ni kujaribu kwa barua mpya kabisa, isiyo na historia. Justa alifungua mdomo kumkataza, lakini vidole vya fundi havisubiri. Akaandika: Hii ni barua ya majaribio, Dominick. Akabonyeza. Barua ikaenda kukaa juu ya ya Bi Esha. Dominick akasema ngoja nikanunue maji, akashuka ngazi, akajikuta mlangoni anatazamana na Justa.

"Ah," alisema. "Kumbe."

Alikaa barazani kidogo akafikiri. Laurenti akamsogezea kigoda na kumuuliza kama anajua kupalilia. Dominick akasema anajua, lakini kwanza angependa kuangalia kitu. Alirudi kwenye kompyuta, akaichagua barua yake ya majaribio, akaifuta. Kisha akashuka ngazi taratibu. Ngazi ya mwisho ikamwachia. Alionekana akivuka barabara, akanunua maji, akanywa palepale juani, akarudi.

"Ukifuta, inakubali," alisema.

Uani kisu cha Bi Esha kilisimama katikati ya muhogo.

"Kufuta ni nini hasa?" aliuliza. "Inakwenda ikiwa imefutwa?"

"Haiendi popote, bibi. Inakuwa haijaandikwa."

Bi Esha akaendelea kumenya.

Dominick hakupenda kuondoka na kazi nusu. Akasema seva ya kutoa hainaga tofauti na watu wenye adabu: kabla ya kukupokelea mzigo inataka ujitambulishe, na kujitambulisha ni paswedi. Akamuuliza Justa kama anayo ya kutokea. Justa alikuwa na paswedi moja tu aliyopewa siku ya kwanza, na hiyo ilikuwa ya kuingilia. Wakampigia fundi wa makao makuu, simu ikiwa mezani, sauti wazi, wote wanasikia.

"Hiyo akaunti haina ruhusa ya kutuma," alisema fundi wa makao makuu. "Imefunguliwa ya kupokea tu."

"Mlisahau?" aliuliza Dominick.

"Hatukusahau, kaka. Ndivyo ilivyoagizwa."

"Na nani?"

"Mimi ni fundi tu," alisema yule, akawatakia kazi njema.

Justa akampigia mkubwa wake, Benjamin, meneja wa mahusiano. Benjamin ni mtu mkunjufu, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Dada Justa! Nyota yetu ya kusini! Unajua Kivinje ndiyo kituo pekee kisicho na lalamiko hata moja?"

"Yapo, bosi. Yamekaa hapa uani. Mmoja analima mchicha."

"Safi sana. Wananchi washirikishwe kwenye kilimo. Na ukipata lalamiko, liandike ulitume."

"Hayatoki, bosi. Akaunti hairuhusu kutuma."

"Sasa dada yangu, lisilotoka halijafika. Na lisilofika mimi nalishughulikiaje? Unanielewa?"

"Nakuelewa," alisema Justa. Na kweli alimwelewa, hiyo ndiyo iliyomuuma. Alirudisha simu mezani kwa hasira mpaka chai ikamwagika.

Mtu wa kwanza kusema futa yangu alikuwa Abdulwahab, mwenye duka la baiskeli, ambaye minazi ya marehemu baba yake iling'olewa kupitisha mfereji wa chumvi. Alisema duka limefungwa, panya wanakula matandiko ya baiskeli, na minazi hairudi kwa yeye kukaa hapa akila mchicha wa Laurenti. Hakuna aliyemlaumu. Justa akafuta. Abdulwahab akashuka ngazi, akapiga kengele ya baiskeli yake mara mbili kwa furaha, akaenda zake.

Kesho yake alirudi kuwasalimia, amebeba madafu. Laurenti akapokea, akanywa, akamwambia haya matamu, lakini hayafikii ya minazi yako.

"Minazi yangu ipi?" alisema Abdulwahab.

"Ile ya baba yako. Ya kwenye mfereji."

"Baba yangu hakuwa na minazi," alisema Abdulwahab, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni. "Kwetu siku zote dafu tunanunua." Akakaa kidogo, akaomba ruhusa, akapewa, akatoka.

Baada ya hapo hakuna aliyeomba kufutiwa kwa haraka. Walijua bei.

Jumatano akaja Binti, mama yake Shamimu, kanga imemteleza mabegani kwa wasiwasi. Bwana harusi na watu wake walikuwa wameshafika kutoka Sudi, mbuzi wamenunuliwa, kadhi ameambiwa. Mwali amesema hatoki ila kwa mkono wa somo wake. Anakula kidogo, anauliza Bi Esha amefika wapi.

"Tumlete humu?" aliuliza Binti. "Kuingia si kunaingilika? Umshike mkono hapahapa."

"Nimshike nimtoe wapi, Binti, na mimi mwenyewe sitoki? Nitakuwa nimemwingiza tu."

Binti akalia kwa sauti, na Bi Esha akamwacha alie. Halafu akamwambia nenda kapike, Ijumaa nakuja.

Alhamisi baada ya alasiri, Bi Esha aliingia ofisini akakaa kwenye kiti cha wenye malalamiko. Justa alikuwa anaandika. Kompyuta ikatoa mlio wake, na nje watu wachache wakaenda ngazini wakarudi. Kwa mara ya kwanza Bi Esha hakunyanyuka.

"Mwanangu, acha hicho unachoandika. Nataka kukuwekea amana."

"Amana gani, bibi?"

"Ya mtu. Wewe ni Mkristo, lakini amana haina dini. Sikiliza, usiandike, shika kwa kichwa."

Akamsimulia Athumani Matimbwa. Alikuwa fundi cherehani, anashonea mkono wa kushoto, na alizungumza na pini mdomoni mpaka watu wakadhani ana kigugumizi. Hakujua kusoma. Siku ya kwanza kumletea Bi Esha zawadi alinunua kanga kwa kupenda rangi, na kanga ile ilikuwa imeandikwa Hasidi Hana Sababu, na Bi Esha akaivaa hivyohivyo mwaka mzima, watu wakijiuliza anamsema nani. Wakitembea, yeye alitangulia, kisha akajifanya anatengeneza kamba ya ndara ili mkewe amfikie, na ndara zile hazikuwa na kamba. Bamia hakuzipenda. Kwenye wali alianza na ukoko, akisema mtu aanze na kilicho kigumu. Wajane hakuwatoza kushona pindo. Mara moja walikosana, Bi Esha akarudi kwao, naye akaja kukaa mlangoni kwa wakwe zake na cherehani yake akashona hapo mpaka wakamchoka wakamrudishia mke. Amezikwa chini ya mpera, na kichwani pa kaburi Bi Esha amembandikia sahani yake ya bati yenye maua ya buluu.

Hapo Bi Esha alilia, na hakuficha. Alisema nampenda yule mwanamume, mwanangu, nampenda mpaka leo, na kesho nitakuwa simjui. Kuna mwali nimemweka ndani kwa mkono wangu. Aliye hai hawezi kungoja kama aliyekufa.

"Nikuletee lini amana yako, bibi?" aliuliza Justa. Naye alikuwa analia.

"Usinirudishie. Mtu akisimuliwa mumewe na mtu baki, atamwona mwongo. Ikae kwako."

Ijumaa asubuhi Bi Esha alioga maji ya kisima, akavaa kanga mpya aliyoletewa, akajifukiza udi. Wenzake wa uani walisimama. Justa akaichagua barua. Kompyuta ikauliza kama ana hakika anataka kufuta, na Justa akamsomea Bi Esha swali hilo, kwa kuwa lilikuwa lake.

"Hakika ya nini, mwanangu? Bonyeza."

Justa akabonyeza. Bi Esha akashuka ngazi, ngazi ya mwisho ikamwachia, akasimama barabarani akijifunga kanga vizuri. Aligeuka na uso mkunjufu.

"Hivi nilikuwa nimekaa humu kwa jambo gani?"

"Ulikuwa na barua, bibi. Imekwisha."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Esha, akaenda kumtoa mwali.

Harusi ilikuwa nzuri, hakuna wa kusema vinginevyo. Justa alifunga ofisi mapema akaenda kuiona. Bi Esha aliingia chumbani, akamshika Shamimu mkono, akamtoa, na vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Mwali alikuwa amekonda kidogo, macho yanameremeta, na hakuuachia mkono ule mpaka alipofikishwa kwa mumewe. Watu wa Sudi walisema somo kama huyu hawajamwona.

Wanawake waliporudi walipita kando ya seng'enge, maana njia nyingine imezibwa. Bi Esha alikuwa mbele na Justa nyuma yake. Penye mikoko inapoishia Bi Esha akasimama. Ng'ambo ya waya nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na chini ya mpera sahani ya bati iling'aa kidogo kwa jua.

"Makaburi ya kina nani yale, yameachwa hivyo?" aliuliza.

Wanawake wakatazama chini. Binti akasema, ni ya wenyewe.

"Mungu awarehemu," alisema Bi Esha. Akainua mikono, akawasomea fatiha, kama mtu anavyowasomea wageni njiani. Alipomaliza akapangusa uso, akauliza kama wali umebaki.

Justa alirudi ofisini jioni ileile, ingawa siku ya kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na hasira iliyotulia, ile ambayo haimwagi chai. Akawasha kompyuta, akaandika barua kwa jina lake mwenyewe. Aliandika habari ya seng'enge na ya kijilango cha kupita kwa kuinama. Aliandika habari ya akaunti iliyofunguliwa ya kupokea tu na kwamba ndivyo ilivyoagizwa. Kisha akaandika kwamba ng'ambo ya uzio amelala fundi cherehani aliyeshonea mkono wa kushoto, na akaendelea, pini, kanga, ndara zisizo na kamba, bamia, sahani, akaweka yote. Akabonyeza. Barua ikaenda kukaa kwenye kikasha cha kutokea, juu ya za Laurenti na wenzake.

Justa akanyanyuka, akautundika mkoba wake kwenye msumari ambako siku zote aliutundua saa ya kutoka. Hakwenda kujaribu ngazi. Alikwenda uani, na Laurenti akamsogezea kigoda.

Dominick alikuja tena mara mbili tatu, bila kuitwa. Kila mara alimwambia dada, ni kubonyeza tu, sekunde haifiki. Mama yake Justa, Natalia, alitumiwa mtu wa kumwita kutoka Kipatimu, akaja, akamwambia mwanangu, hii ni Krismasi ya pili hujaja nyumbani. Justa akawaambia wote kwamba akifuta, atakuwa amefuta na mali ya mtu. Mama yake aliacha kuku mmoja na matembele, akarudi mlimani akilia.

Kutoka makao makuu kiliingia cheti. Benjamin alipiga simu kuhakikisha kimefika, akasema kampuni nzima inaiga mfano wa Kivinje. Justa alikichapa, akakibandika mlangoni kama alivyoagizwa: Kituo Bora, Malalamiko Hakuna. Mabwawa ya chumvi ndani ya seng'enge yalisogezwa mbele kidogo mwaka huo, yakameza mpera.

Bi Esha huja siku za Ijumaa. Anapiga hodi, Justa anamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, na Bi Esha anafungua kikapu. Huleta wali na samaki kwa watu wote wa uani, na kando, kwenye kijisahani kilichofunikwa, huleta ukoko.

"Huu sijui naubakizia nani," alisema Ijumaa moja. "Kila nikipika nautenga. Kula wewe."

Justa akaula, mkavu, umeungua kidogo pembeni. Bi Esha alimtazama akila, kisha akauliza swali ambalo alikuwa ameshaliuliza.

"Na wewe mtoto mzuri umekaa humu kwa ajili ya nani?"

"Kuna mtu aliniwekea amana, bibi."

"Hajaja kuichukua?"

"Hajaja."

"Watu wengine!" alisema Bi Esha, akatikisa kichwa kwa kuudhika. "Mtu gani anaweka kitu chake kwa mwenzie halafu anasahau? Mimi ningemtia aibu mtaani." Akakusanya vyombo, akajifunga kanga. "Haya, naomba ruhusa."

"Ruhusa, bibi."

Akashuka ngazi, akaenda. Mlio wa kompyuta ukasikika. Justa akapangusa mikono, akanyanyuka, akashuka ngazi, akarudishwa mlangoni. Akaketi mezani. Nje kulikuwa na mtu mwingine anapiga hodi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, anasema neno lake ni fupi tu, na Justa akamtazama kwa muda, akamwambia karibu.